Ukuta wa bafu umeharibika baada ya kung'oa vigae: uzibe viraka, upige lipu upya, ufunge bodi, au ubandike juu ya vya zamani?

Vigae vya zamani vikishaanza kung'oka ndo unaona ukweli wa ukuta wako, kingine kinatoka kisafi, kinachofuata kinaondoka na kipande cha lipu chenye ukubwa wa sahani, pale kwenye shawa ukigusa tu simenti inamwagika kama unga, na kwenye kona kuna weusi wa ukungu ambao hujui umekaa humo tangu lini. Hapo kila mtu ana ushauri wake, mmoja anakwambia ziba tu mashimo uendelee, mwingine anasema bomoa yote, wa tatu kasikia kuna bodi unafunga siku moja unamaliza, halafu kuna yule wa "si ungeweka tu juu ya vile vya zamani". Wote wanaweza kuwa sawa na wote wanaweza kuwa wamekosea, inategemea ukuta uliobaki ni wa nini na umebaki mzima kiasi gani. Vigae ulivyonunua vinakuja baadaye kwenye hesabu, ingawa uzito wake nao una neno, tutafika.

Kabla ya kulinganisha chochote fanya mambo mawili. La kwanza gonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo au kitu chochote kigumu kisicho na ncha, anzia chini panda juu, na kila sehemu inayolia wazi, ule mlio wa debe tupu, izungushie chaki. Usigonge sehemu mbovu tu, gonga na zile zinazoonekana nzima maana mara nyingi lipu imeachana na tofali bila kupasuka na huwezi kuona kwa macho. Ukimaliza rudi nyuma hatua kadhaa uangalie michoro ya chaki. Ikiwa ni visiwa vichache hapa na pale, viraka vinawezekana. Ikiwa chaki imekula kama theluthi ya ukuta au zaidi, mimi siongei tena habari ya viraka, kwa sababu hiyo theluthi mbili iliyobaki ilipigwa siku moja na fundi mmoja kwa mchanganyiko uleule, na nyundo ya kung'olea vigae imeshaitikisa yote.

La pili jua maji yanatoka wapi. Kama ukuta umeoza kwa sababu bomba lililofukiwa linavuja, au maji yanapita kwenye maungio ya beseni, hakuna njia kati ya hizi nne itakayokusaidia mpaka uvujaji uishe. Kuna kipimo rahisi, chukua karatasi ya nailoni ya kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, iache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone upande wa ukutani basi unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe, yakiwa upande wa nje ni mvuke tu wa bafuni. Watu wanaruka hatua hii kwa kuwa ina kusubiri, alafu baada ya muda wanalaumu gundi.

Na kitu kingine cha kujua mapema ni ukuta ni wa nini. Lipu ya simenti juu ya tofali ni ya kijivu, ngumu, ukiikwaruza na msumari inatoa mchanga. Plasta ya jipsam ni nyeupe au ya pinki hivi, laini, inakwanguka kama chokaa. Bodi ya jipsam ina karatasi juu na ukigonga inalia wazi kila mahali isipokuwa kwenye nguzo, kwa hiyo ule mtihani wa nyundo hapo haukupi jibu, unabonyeza kwa kidole gumba tu, ikibonyea au karatasi ikiwa inaachia imeshakwisha. Kama jengo ni la zamani sana na kuna bodi au gundi nyeusi usiyoielewa, usianze kuivunja wala kuipiga msasa, asbesto iliwahi kutumika kwenye vifaa hivyo na vumbi lake ni hatari kwa mapafu, tafuta kwanza mtu wa kuipima.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Kuziba viraka

Hii ndo kila mtu anaikimbilia na kwa ukuta ambao ni mzima kwa sehemu kubwa ni njia nzuri tu, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni namna inavyofanywa. Fundi anachukua simenti anaisukumia kwenye shimo lenye kingo zilizochongoka na vumbi ndani, inakauka, inasinyaa, inaachana pembeni, na kigae kinachokaa juu ya mpaka huo ndo kinapasuka cha kwanza.

Kiraka kizuri kinaanza kwa kulipanua shimo. Chukua tindo ufuate kingo mpaka ufike kwenye lipu inayoshika kweli, alafu kata kingo ziwe wima au zilale kidogo kwa ndani ili kiraka kijifunge, usiache kingo nyembamba za kuisha isha kwa sababu simenti nyembamba ya milimita moja haina nguvu yoyote. Toa vumbi kwa brashi, lowesha shimo (lowesha, usijaze maji), subiri maji yaingie mpaka pasiwe na mng'ao, ndo unaweka dawa ya kurekebishia yenye simenti. Shimo likizidi sentimita moja na nusu hivi jaza kwa awamu mbili, ile ya kwanza uichane chane na ncha ya mwiko ikiwa bado mbichi ili ya pili ipate pa kushika. Usitumie wolputi (unga wa kulainishia kuta kabla ya rangi) wala jipsam ya kuzibia mashimo ya sebuleni, hasa kwenye eneo la shawa, ikipata maji inalainika na inabeba kigae ikaondoka nacho.

Mabaki ya gundi ya zamani nayo ni sehemu ya kazi hii. Gundi ya simenti iliyoshika vizuri huna haja ya kuimaliza yote, sawazisha tu matuta yake kwa patasi pana au mashine ya kusagia. Ila ile gundi ya kwenye ndoo iliyokuja tayari imechanganywa, laini kama siagi ilipowekwa, hiyo itoe, maana aina nyingi zake zinalainika tena zikikutana na unyevu wa gundi mpya.

Faida ya viraka ni muda, dawa nyingi za kurekebishia zinakuruhusu kuendelea ndani ya siku moja au mbili, vumbi ni dogo na ukuta hauongezeki unene. Hasara yake ni kwamba havinyooshi ukuta. Kama ukuta ulikuwa na tumbo unabaki na tumbo, ukiwa na viraka.

Kubomoa lipu yote na kupiga upya

Kwa ukuta wa tofali au zege uliooza hii ndo njia ninayoiamini kuliko zote, na ndo inayochukiwa kuliko zote. Vumbi lake haliongeleki, mifuko ya kifusi inajaza korido, na baada ya hapo kuna kusubiri. Lakini unapata kitu ambacho njia nyingine hazikupi kirahisi, ukuta ulio wima, wa aina moja toka chini hadi juu, na unaona tofali zenyewe, kwa hiyo bomba bovu au ufa wa kweli huwezi kuukosa. Kama ulikuwa na mpango wa kuhamisha bomba za shawa au kuzifukia upya ndo wakati wake, kwenye viraka ungekuwa unachimba mtaro kwenye lipu ya zamani na kuomba isianguke.

Ukishafika kwenye tofali safisha, lowesha, alafu rushia tabaka la kwanza la simenti na mchanga wa chembe kubwa, simenti 1 kwa mchanga 2, jepesi, liache likiwa na makwaruzo yake hivyo hivyo mpaka kesho yake. Juu ya hapo ndo lipu yenyewe, 1 kwa 4 au 1 kwa 5, unene wa milimita 10 hadi 15 kwa tabaka moja. Ukitaka unene zaidi ya huo weka tabaka mbili, lipu nene ya mara moja inateremka ikiwa mbichi au inapasuka ikikauka. Weka vidonge vya kupimia (mabonge madogo ya lipu) kwanza kwa timazi, moja juu moja chini, ndo ukokote rula ya alumini juu yake. Umalizie kwa kibao cha mbao tu uso ubaki na mkwaruzo wa mchanga, usipige niru (ule uji wa simenti tupu wa kulainisha uso)! Ukuta wa niru unapendeza kwa macho lakini ni utelezi, gundi inakosa pa kung'ang'ania, na nimeona fundi anamaliza kwa niru safi kabisa alafu kesho yake anaanza kuitoboa toboa kwa shoka ili vigae vishike, kazi mara mbili.

Imwagilie maji siku kadhaa za mwanzo isikauke haraka, alafu iache. Mwongozo wa kawaida kwa lipu ya simenti ni wiki 2 angalau kabla ya vigae, na kwa plasta ya jipsam ni wiki 4. Hii ndo sehemu inayowashinda watu wenye bafu moja nyumbani, na naelewa, wiki mbili za kuogea kwa jirani si mchezo. Zipo lipu za viwandani zinazokauka haraka zaidi, soma mfuko unasemaje, usichukue muda wa mfuko ule ukautumia kwenye mchanganyiko wako wa koleo.

Kufunga bodi

Bodi ndo jibu la kwanza pale ambapo ukuta wenyewe ni wa nguzo za mbao au chuma na jipsam yake imelowa. Usiikarabati jipsam iliyolowa, ivue yote mpaka kwenye nguzo, angalia kama mbao hazijaoza, funga bodi mpya. Hapo hata hakuna mjadala.

Ila ziko bodi na bodi. Bodi ya simenti haiozi hata ikae kwenye maji, lakini maji yanapita ndani yake kwenda nyuma, na hilo wengi hawalijui, wanafunga simenti bodi wanabandika vigae wanadhani wameshazuia maji. Inataka kupakwa dawa ya kuzuia maji juu yake. Bodi ya povu gumu yenye wavu na simenti nyembamba pande zote mbili, hiyo povu lake halipitishi maji, ni nyepesi, unaikata kwa kisu cha kawaida, na inazuia baridi ya ukuta hivyo jasho la ukutani linapungua. Sehemu dhaifu ni maungio na matundu ya skrubu, hayo lazima yazibwe kwa tepu na dawa yake. Ya tatu ni ile jipsam ya kijani ambayo inauzwa kama ya bafuni, na kweli inavumilia mvuke kuliko nyeupe, ukutani mbali na shawa inafaa, lakini ndani ya shawa bila dawa ya kuzuia maji juu yake ni jipsam tu yenye rangi nyingine.

Bodi ya simenti kwenye nguzo zilizoachana kama sentimita 40, skrubu zake zisizoshika kutu kila sentimita 20 hivi, acha nafasi ya milimita 3 kati ya bodi na bodi, jaza gundi ya vigae, bandika utepe wa wavu wa nyuzi za kioo unaostahimili simenti. Chini usiiteremshe mpaka iguse beseni, acha kama milimita 6 uzibe kwa silikoni, ikigusa inanyonya maji kwenda juu.

Na kwenye ukuta wa tofali je? Inawezekana, hasa ya povu, unabandika kwa gundi na kukaza kwa skrubu zenye vikombe vyake, na siku ya pili unaendelea na vigae. Lakini unapoteza sentimita moja mpaka tatu kila upande, jambo ambalo kwenye bafu dogo au mlango uliobanana na sinki linauma, na ukuta wa nyuma ukiwa na mabonde makubwa bodi nayo inakaa kimabonde. Usifunge bodi juu ya lipu inayolia wazi ukitumaini gundi itaishika, gundi inashika lipu, lipu haijashika tofali.

Kubandika juu ya vigae vya zamani

Njia hii inafaa pale tu ambapo vya zamani vimeshika vyote, na kama umefika hapa ukuta wako umeshaharibika kwa kung'oa basi imeshakupita. Naiweka kwa ajili ya wale ambao wana ukuta mmoja mbovu na mitatu mizima. Vile vizima vinaweza kubaki, visugue mafuta na sabuni yote vitoke, kwaruza uso unaong'aa, paka praima (dawa ya kwanza ya kusaidia gundi kushika) ya nyuso zisizonyonya. Ila jua bomba zitaonekana zimezama ndani, soketi na vifuniko vitataka kusogezwa mbele, na uzito unajumlishwa.

Uzito wenyewe

Hapa ndo watu wanashangaa. Kigae cha kawaida cha ukutani cha milimita 8 kinakuja kama kilo 15 kwa mita moja ya mraba, cha porselini cha milimita 10 kama kilo 23, weka gundi na grauti (ile ya kujaza nafasi kati ya vigae) kilo 4 au zaidi. Miongozo inayofuatwa na mafundi wengi inasema plasta ya jipsam isibebeshwe zaidi ya kilo 20 kwa mita ya mraba kila kitu ndani, bodi ya jipsam isiyo na plasta ibebe hadi 32. Umeona ajabu yake? Mtu anachukua bodi ya jipsam, anaona iko wazi wazi, anaipaka skimu, yaani tabaka jembamba la plasta ya jipsam, ili ipendeze kabla ya vigae, na kwa kufanya hivyo ameishusha kutoka 32 hadi 20. Sasa porselini na gundi ni 27, tayari amepitiliza. Kama unaweka vigae usipige skimu, basi.

Bodi za simenti na za povu nyingi zinabeba zaidi ya hapo, 40 na kuendelea, angalia ya kwako imeandikwaje. Lipu ya simenti iliyoshika tofali vizuri haina presha na porselini. Vigae juu ya vigae, 15 na 4 ya zamani jumlisha 23 na 4 ya mpya, unafika 46, kwenye tofali sawa, kwenye ukuta wa jipsam hapana kabisa.

Kwa hiyo uchague ipi

Ningekuwa na ukuta wa tofali ambao chaki ni chache na rula ya mita 2 ukiiweka popote nafasi chini yake haizidi milimita 3, ningeziba viraka na kuendelea, kubomoa hapo ni kujitafutia kazi. Ukuta huohuo ukiwa na chaki kila mahali ningebomoa, na kama siwezi kusubiri wiki mbili ningebomoa hivyohivyo ile iliyoachana alafu nifunge bodi ya povu badala ya lipu. Ukuta wa nguzo uliolowa, bodi, bila kufikiri mara mbili. Ukuta mzima wa vigae visivyocheza, juu kwa juu kama bomba zinaruhusu. Vigae vikubwa vya sentimita 60 vinabadilisha hesabu kidogo kwa sababu vinaonyesha kila tumbo la ukuta, na kona moja ikinyanyuka mwanga wa taa unaisema, kwa hiyo ukuta ambao kwa vigae vidogo ningeuziba viraka, kwa vikubwa naupiga lipu.

Kuna njia ya tano ambayo fundi mwenye haraka atakupendekezea, nayo ni kujazia mabonde kwa gundi ya vigae wakati wa kubandika, huku nyembamba kule nene. Gundi nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa milimita 3 hadi 6, zikiwa nene zinasinyaa zikikauka na kuvuta kigae ndani, asubuhi unakuta mstari uliokuwa sawa umepinda. Kama ni lazima, jazia siku moja kabla kwa mwiko na gundi hiyohiyo pale ambapo mfuko unaruhusu unene huo, iache ishike, kesho ubandike kawaida.

Chochote utakachochagua, praima ni ile ya akriliki inayoendana na gundi yako. Ile gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, ambayo bado inapakwa sana kabla ya vigae, iache, ikipata unyevu inarudi kuwa gundi laini na kuwa utando kati ya ukuta na kigae. Kwenye jipsam praima ni ya lazima zaidi, simenti ya gundi na jipsam zikikutana kwenye unyevu zinafanya kemikali inayovimba na kusukuma kigae kitoke, unakikuta kimetoka na gundi yake yote safi mgongoni.

Alafu dawa ya kuzuia maji, mikono miwili (yaani ipake mara mbili), wa pili ukipita kinyume cha wa kwanza, utepe kwenye kona zote na kuzunguka bomba, kwenye shawa yote na kupanda juu ya kichwa cha shawa. Grauti haizuii maji hata fundi akwambie nini. Na kama umechanganya njia, mfano ukuta mmoja bodi na wa pembeni lipu, ile kona wanapokutana usiijaze grauti, jaza silikoni ya rangi ya grauti, maana kuta mbili za aina tofauti hazitanuki sawa na grauti pale itachanika ndani ya muda mfupi.